Mjomba anasema ramani hazilishi

Mwanangu wa Mwanza,

Uko mwaka wa pili wa shahada ya mifumo ya taarifa za kijiografia (GIS), mjomba anayekulipia ada anataka uhamie uhasibu, na kaka zako wa chuo waliohitimu bado wanazunguka na bahasha. Unaniuliza uendelee au uache.

Usiache. Ila mjomba usimbeze, kwani hofu yake ina msingi. Matangazo ya kazi yanayomtaka mtu wa GIS kwa jina hilo ni machache. Kazi yenyewe imo ndani ya kazi za watu wengine. Mamlaka ya maji inataka kujua bomba linavuja wapi na mtaa gani haujaunganishwa. Halmashauri inataka mpango wa matumizi ya ardhi. Mganga mkuu wa wilaya anataka kujua ni vijiji gani viko mbali na zahanati. Anayeomba kazi kwa kusema tu "najua programu ya ramani" hajajibu swali la yeyote kati ya hao.

Kwa hiyo chagua eneo moja ulijue kwa undani. Wewe ziwa unalo mlangoni. Picha za setilaiti za Sentinel-2 hutolewa bure, na nukta zake ndogo kabisa ni mita 10 ardhini. Za Landsat nazo ni bure tangu 2008, na kumbukumbu zake zinarudi hadi 1972. Fuatilia magugu maji kwenye Ghuba ya Mwanza mwezi kwa mwezi, kisha nenda mwaloni ukawaulize wavuvi kama ulichokiona kwenye picha ndicho walichokiona wao. Programu ya ramani ya QGIS ni ya bure, na kompyuta ya kawaida inaiweza. Lugha ya kompyuta ya Python unayoiogopa itakuja taratibu, siku utakapochoka kurudia kazi ileile kwa mkono.

Kwenye misingi ndiko ninakotaka ukae sana. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa datamu (mfumo wa marejeo ya vipimo vya ardhi) ya Arc 1960, ilhali GPS ya simu yako inatumia WGS 84. Pandanisha alama za simu na ramani hizo bila kubadili datamu, na kisima kilicho uani kwa mtu kitaonekana kimesogea takribani mita 300. Mwanza iko ukanda wa 36 wa UTM, Dar es Salaam wa 37. Ukikosea ukanda, alama zako zitaangukia mamia ya kilomita kutoka zilipo. Programu itachora bila kulalamika, na mhandisi atachimba palipochorwa. Anayeligundua kosa hilo kabla jembe halijashuka hakosi nafasi ofisini.

Mfano wa kumpa mjomba ni mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipita na wakazi kwenye mitaa inayokumbwa na mafuriko, Tandale ukiwemo, wakachora nyumba, njia na mifereji, na kuweka yote kwenye ramani ya mtandaoni ya OpenStreetMap ambako yeyote anaweza kuyatumia. Wanafunzi kama wewe walifanya kazi yenye faida kwa mji kabla hata ya kuhitimu. Mwombe akuache umalize shahada hii. Uhasibu unaweza kuusoma baadaye, lakini mwaka wa pili uliokwisha kulipiwa haurudi.

Onyo moja: shahada hii haikufanyi mpima ardhi. Mipaka ya viwanja ni kazi ya mpima aliyesajiliwa. Watakuja jirani na ndugu kukuomba uwapimie kwa simu, wengine na pesa mkononi. Kataa, maana kesi za mipaka zinavunja familia.

Mafunzo kwa vitendo usiyasubiri mpaka chuo kikupangie. Andika barua mapema kwa mamlaka ya maji ya mji wako, na ukipokelewa, siku ya kwanza omba wakuonyeshe ramani yao ya mabomba na uulize ilichorwa kwa datamu gani.