Ahadi ya Mapema Isimfunge Binti: Mbinu za Kumwandaa Mcheza Softiboli kwa Chuo cha Marekani

Kabla ya mwaka 2018, haikuwa ajabu nchini Marekani kumsikia msichana wa darasa la 8, hata la 7, akitangaza kwamba ameshapata chuo kikuu atakachokichezea softiboli. Hapo ana miaka 13. Hajaingia haiskuli, hajui kama atapenda kemia au historia, na mwili wake bado unakua. Kocha aliyempa neno naye ana miaka mitano mbele yake ya kuhama, kufukuzwa au kubadili mawazo kabla binti hajafika chuoni. Kila kocha alihofia kwamba asipomuwahi mtoto, mwenzake atamuwahi. Mwaka 2018 NCAA, chombo kikubwa kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ikapiga marufuku: kocha wa Divisheni ya Kwanza, daraja la juu kabisa, haruhusiwi kuzungumza na mchezaji wa softiboli habari za kumsajili kabla ya Septemba 1 ya darasa lake la 11.

Marufuku hiyo imesaidia sana, ila pupa bado ipo. Imejificha kwenye klabu za watoto wa miaka 12, kwenye kambi za kulipia, na kwa watu wanaouza huduma za "kumtangaza" mtoto. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili Marekani zilikulia kwenye soka na netiboli, na huukuta mchezo huu kwa mara ya kwanza pale binti anaporudi nyumbani na glavu. Mzazi wa namna hiyo ni rahisi kubabaishwa. Msimamo wangu ni huu: miaka ya mwanzo ni ya kumwandaa binti, na uamuzi wa chuo usubiri hadi awe na umri wa kuuamua mwenyewe. Yafuatayo ni ya kufanya, darasa kwa darasa.

Ijue kalenda

Vyuo havifuati sheria moja. Katika Divisheni ya Kwanza, simu, ujumbe, barua pepe za usajili na ziara za chuoni huanza Septemba 1 ya darasa la 11. Kabla ya hapo kocha anaweza kumtumia mtoto fomu ya maswali au tangazo la kambi, basi. Katika Divisheni ya Pili, mawasiliano hufunguka Juni 15, kabla mchezaji hajaingia darasa la 11. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo, na makocha wake wana uhuru mkubwa zaidi wa kuandika na kupiga simu. Nje ya NCAA kuna pia vyuo vilivyo chini ya chama kingine, NAIA, na vyuo vya miaka miwili vilivyo chini ya NJCAA, vyenye taratibu zao na nafasi nyingi ambazo wazazi huzipuuza kwa sababu hazionekani kwenye televisheni.

Zingatia jambo moja hapa: sheria inamzuia kocha, haimzuii mtoto. Binti wa darasa la 9 anaweza kumwandikia kocha yeyote. Asipojibiwa, asijione amekataliwa. Huenda kocha ameisoma barua na sheria imemfunga mkono. Na ukimsikia kocha wa klabu akinong'ona kwamba chuo fulani "kimeshamtaka" mwanao kabla ya wakati, usijenge mipango juu ya kauli hiyo. Huna maandishi, wala hujamsikia mwenye chuo.

Darasa la 7 na la 8: acheze na akue

Umri huu ni wa kujifunza kudaka, kurusha, kupiga na kukimbia besi kwa usahihi. Mtoto acheze nafasi zaidi ya moja. Anayewekwa kuwa mdakaji tu akiwa na miaka 11 anaweza kurefuka akafaa zaidi uwanja wa nje, na kocha wa chuo humpenda mchezaji anayeweza kuhamishwa. Acheze na michezo mingine, mpira wa kikapu au riadha, kwa kuwa mbio na wepesi wa miguu humrudishia faida kwenye softiboli.

Mlinde mrushaji. Kwa sababu mrushaji wa softiboli huzungusha mkono na kuachia mpira kwa chini, imani imeenea kwamba mkono huo hauchoki. Si kweli: bega na kiwiko huumia, hasa pale mtoto anaporusha mechi mbili tatu kwa siku moja katika mashindano ya wikendi. Kabla ya kujiunga na klabu, uliza: nani anahesabu mirusho? Timu ina warushaji wangapi? Msimu wa mapumziko upo? Klabu inayokerwa na maswali hayo imeshajijibu.

Uliza pia gharama yote kwa mwaka: ada, sare, petroli, hoteli, viingilio vya wazazi. Mtoto wa miaka 12 hahitaji kusafiri majimbo matatu ili aonekane. Makocha wa Divisheni ya Kwanza bado hawawezi kusema naye. Anahitaji kocha anayefundisha na timu inayompa muda wa kucheza. Ligi ya mtaani yenye mwalimu mzuri inamfaa kuliko klabu ya jina kubwa inayomkalisha benchi.

Darasa la 9: alama zinaanza kuhesabiwa

Hapa ndipo familia nyingi huchelewa. Ili aruhusiwe kucheza Divisheni ya Kwanza au ya Pili, mwanafunzi lazima amalize masomo 16 ya msingi yaliyoidhinishwa na NCAA, na hesabu hiyo huanza darasa la 9. Kwa Divisheni ya Kwanza ni miaka minne ya Kiingereza, mitatu ya hisabati kuanzia aljebra ya kwanza, miwili ya sayansi, miwili ya sayansi ya jamii, mwaka mmoja wa ziada wa Kiingereza, hisabati au sayansi, na minne ya masomo mengine yanayokubalika. Wastani wa alama, yaani GPA, usipungue 2.3 katika masomo hayo. Divisheni ya Pili hudai 2.2. Tena kwa Divisheni ya Kwanza, masomo 10 kati ya 16 yawe yamekamilika kabla ya kuanza darasa la 12, na saba kati ya hayo yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi. Darasa la 12 haliwezi kuokoa miaka mitatu iliyochezewa.

Nenda shuleni, mwone mshauri wa wanafunzi, mwambie wazi kwamba binti anataka kucheza chuo, na mpitie pamoja orodha ya masomo yaliyoidhinishwa. Usichukulie kwamba kila somo kwenye ratiba linahesabiwa. Kama binti alisoma darasa la 9 au la juu zaidi nje ya Marekani, iwe Nairobi, Kigoma au Bukavu, tafuta mapema matokeo na vyeti vyake. NCAA itavitaka, na vilivyoandikwa kwa lugha isiyo Kiingereza vitahitaji tafsiri. Karatasi kutoka shule ya mbali zinaweza kuchukua miezi kufika. Mfungulie pia akaunti kwenye kituo cha NCAA cha kuhakiki sifa za wanafunzi. Ya kuanzia ni bure.

Alama nzuri zina kazi nyingine: zinaleta pesa. Nitalirudia hilo.

Darasa la 10: ajitambulishe

Kaeni na binti mwandike orodha ya vyuo. Anzeni na masomo anayoyataka, umbali na nyumbani, ukubwa wa chuo na gharama. Kisha ndiyo mtazame softiboli. Changanyeni madaraja. Kwa kila chuo fungueni orodha ya wachezaji kwenye tovuti ya timu, mwangalie nafasi anayocheza binti. Ikiwa kuna wadakaji watatu na wote wako mwaka wa kwanza na wa pili, mdakaji wenu atakuta mlango umebana.

Tengenezeni video fupi ya dakika tatu hivi. Simu ya kawaida kwenye stendi inatosha. Mwanzo pawe na jina lake, mwaka atakaomaliza haiskuli, nafasi anayocheza na jiji, kisha kazi yake bora mbele kabisa. Mrushaji apigwe picha kutoka nyuma ya mdakaji na kutoka ubavuni. Mpigaji aonekane mwili mzima. Muziki hauhitajiki.

Wekeni na vipimo, vya kweli. Kocha atapima mwenyewe mbio za kutoka kwenye bamba la nyumbani hadi besi ya kwanza, ambazo ni futi 60; muda wa mdakaji kutoka mpira unapogusa glavu yake hadi kufika besi ya pili; na kasi ya mrushaji kutoka futi 43. Namba iliyotiwa chumvi itaumbuka siku ya kwanza uwanjani, na binti ndiye atakayeaibika.

Barua pepe aiandike binti, mzazi asiitunge. Iwe fupi na imtaje kocha kwa jina. Aseme kwa nini chuo hicho kinamvutia, kwa sababu inayotokana na chuo chenyewe, aweke kiungo cha video, GPA, ratiba ya mashindano na mawasiliano ya kocha wake wa klabu. Makocha hutambua barua iliyotumwa kwa vyuo hamsini bila kubadilishwa zaidi ya jina.

Kambi za vyuo zina faida mtoto akienda kwenye chuo kilicho kwenye orodha yake, ambako anafundishwa na makocha wenyewe na kuona mazingira. Lakini mwaliko wa kambi hutumwa kwa watu wengi, na kambi hulipiwa. Usiuchukulie kuwa ofa. Na wale wanaoomba maelfu ya dola kumtangaza mtoto hawana nafasi ya kugawa kwenye timu yoyote. Video na barua ndiyo kazi, na binti anaiweza.

Septemba 1 ya darasa la 11: asikilize na aulize

Wasichana wengine huanza kupokea ujumbe saa sita kamili usiku tarehe hiyo inapoingia. Wengine simu zao hukaa kimya, na hawa mzazi awatulize. Nafasi huendelea kujazwa katika darasa la 11 na hata la 12, hasa nje ya Divisheni ya Kwanza.

Kocha akipiga simu, binti azungumze. Aulize: unaniona katika nafasi gani? Unachukua wangapi wa mwaka wangu? Wachezaji wako humaliza shahada kwa muda gani? Naweza kusoma uuguzi au uhandisi na bado nikaja mazoezini? Mchezaji akiumia, ufadhili wake unakuwaje? Asiyeuliza hana ajifunzalo, na kocha mzuri hachukizwi na msichana anayejua anachotaka. Mkialikwa ziara rasmi inayogharamiwa na chuo, tengeni muda binti akae na wachezaji bila kocha wala mzazi. Huko ndiko atasikia jinsi timu inavyoishi.

Pesa: hesabu kwa kalamu

Wazazi wengi hudhani ufadhili wa michezo ni wa kila kitu. Kwa miaka mingi, timu ya softiboli ya Divisheni ya Kwanza iliruhusiwa kugawa ufadhili kamili 12 tu, na timu ina wachezaji zaidi ya 20, hivyo wengi walipata kipande. Mwaka 2025, baada ya mahakama kuidhinisha maridhiano katika kesi ya House dhidi ya NCAA, vyuo vilivyojiunga na mpango huo viliondolewa ukomo wa ufadhili, badala yake vikawekewa ukomo wa wachezaji 25. Chuo kinaruhusiwa kulipia wote 25, hakilazimiki. Nafasi ya mchezaji anayejiunga na timu bila ufadhili nayo imekuwa finyu. Divisheni ya Pili ina ukomo wa ufadhili 7.2 kwa timu.

Kwa hiyo uliza bei ya mwisho: baada ya misaada yote, familia italipa kiasi gani kwa mwaka, na ufadhili ni wa mwaka mmoja wa kuhuishwa au wa miaka yote? Jazeni FAFSA, fomu ya msaada wa serikali ya Marekani. Wakaaji wa kudumu wenye green card, wakimbizi na waliopewa hifadhi wanaruhusiwa kuomba. Mara nyingine chuo cha Divisheni ya Tatu kikijumlisha msaada wa alama na wa kipato, familia hulipa kidogo kuliko kwenye chuo chenye jina kilichotoa robo ya ufadhili.

Ofa ikija

Sisi tumelelewa kuamini kwamba ahadi ni deni. Katika usajili huu, ahadi ya mdomo haimfungi kocha wala mchezaji. Kocha anaweza kuhama chuo, na anayekuja hana wajibu wa kuitimiza. Kinachofunga ni mkataba wa ufadhili ulioandikwa, ambao hutiwa saini kuanzia Novemba ya darasa la 12. Katika Divisheni ya Kwanza, hati ya zamani ya dhamira ya kujiunga na chuo ilifutwa na NCAA mwaka 2024. Binti na aheshimu neno lake, na kwa sababu hiyohiyo asilitoe kabla hajawa tayari kulibeba.

Kocha akisema "nipe jibu kesho", ombeni muda na mwulize sababu ya haraka. Kisha binti ajibu swali moja: kama goti likiumia mwezi wa kwanza na softiboli ikaisha, bado nitataka kusoma hapa? Jibu likiwa hapana, msubiri ofa nyingine. Likiwa ndiyo, na hesabu ya pesa inakubali, akubali kwa moyo mweupe. Siku hiyohiyo awajulishe makocha wengine waliomfuatilia, awashukuru, ili nafasi zao zimfikie msichana mwingine anayesubiri. Simu hizo azipige yeye mwenyewe, maana chuo ni chake na uamuzi umekuwa wake.