Namna ya Kuisoma na Kuiandika Makala ya Elimu ya Nafsi



Mara nyingi twasikia watu wakisema, "Wataalamu wamethibitisha" kwamba mtoto akilelewa hivi huwa hivi. Mzazi husikia akambadilishia mwanawe malezi, na mwalimu husikia akamhukumu mwanafunzi wake. Lakini ni wangapi katika sisi walioitazama makala yenyewe lilikotoka neno hilo? Anayehukumu kwa kusikia tu hukosea, na anayeumia ni mtoto. Basi somo letu ni namna ya kuisoma makala ya saikolojia, yaani elimu ya nafsi, na namna ya kuiandika.

Makala hizi aghalabu zina milango mitano: Muhtasari, Utangulizi, Njia, Matokeo na Mjadala. Wasomaji wengi husoma ule wa kwanza na ule wa mwisho, wakauacha mlango wa Njia, nao ndio msingi wa nyumba.

Tazama mfano huu. Mwaka 2011 Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walitoa makala katika jarida la Psychological Science. Walieleza kuwa wanafunzi 20 wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walisikilizishwa nyimbo: baadhi yao wimbo wa Beatles uitwao "When I'm Sixty-Four", na wengine wimbo mwingine. Hesabu ikatoka kwamba waliosikiliza ule wa Beatles wamekuwa wadogo kwa umri kwa karibu mwaka mmoja na nusu! Na hesabu hiyo ilitimiza kipimo cha kawaida cha majarida, kwamba lau hapana tofauti yoyote ya kweli, matokeo kama hayo au makubwa zaidi yangetokea kwa bahati chini ya mara 5 katika 100.

Je, wimbo waweza kumpunguzia mtu umri? Hasha! Waandishi wenyewe walijua kuwa ni muhali. Walikusudia kuonyesha makosa huingilia wapi. Katika makala hiyo hiyo wakafichua waliyoyanyamaza. Watu walikuwa 34, na nyimbo zilikuwa 3. Waliulizwa mambo mengi yasiyotajwa. Hesabu ilipigwa kila walipoongezeka watu kama 10, pasipo kuamua mapema watakoma wapi. Tena, lau umri wa baba zao usingetiwa katika hesabu, kipimo kisingefikiwa. Hapakusemwa uwongo hata mmoja. Ila ukweli ulisemwa nusu.

Wala jambo hili si la mzaha. Mwaka 2015 watafiti wengi walitangaza kuwa wameyarudia majaribio 100 ya elimu hii. Katika makala za asili 97 zilikuwa zimefikia kipimo. Yaliporudiwa, yalikuwa kama 36 tu katika kila 100.

Basi msomaji na aulize manne. Waliojaribiwa ni wangapi, na ni watu gani? Je, idadi yao na njia ya hesabu viliamuliwa kabla ya kuanza? Je, yametajwa yote yaliyopimwa, hata yasiyofaulu? Na je, mwingine amerudia akaona yale yale?

Ama mwandishi, na aandike Njia yake kabla ya kukusanya chochote, kwa maneno wazi ambayo mgeni aweza kuyafuata akarudia kazi. Aeleze yaliyomvunja moyo kama anavyoeleza yaliyomfurahisha. Wala Mjadala usivuke Matokeo: akiona mambo mawili yafuatana, asiseme kuwa moja limezaa la pili mpaka apate hoja.

Zoezi la juma hili: kila mmoja achukue makala moja, aufunike Muhtasari, aanze na Njia. Kisha aandike kwa maneno yake sentensi tatu: limefanywa nini, kwa nani, na limeonekana nini. Halafu aufunue Muhtasari alinganishe. Palipo na tofauti, hapo ndipo pa kusoma tena kabla ya kumwambia mzazi yeyote kwamba jambo limethibitishwa.