Mashua ya Kioo ya Watamu: Somo la Nuru na Matumbawe

Pwani ya Watamu, kiasi cha kilomita 20 hivi kusini ya mji wa Malindi nchini Kenya, ni miongoni mwa mahali pachache Afrika ya Mashariki ambapo mtu asiyejua kuogelea aweza kuyatazama matumbawe yaliyo hai bila ya kulowa hata ukucha. Hapo hutumika mashua za mbao zilizofunikwa turubai juu, na ambazo katikati ya sakafu yake pamekatwa nafasi ya mstatili, ikazibwa kwa kioo kinene. Abiria huketi kandokando, wakainama, na bustani ya bahari hupita chini ya miguu yao. Ufundi wenyewe si mpya: mashua za namna hii zilikwisha kutumika katika miaka ya 1870 kwenye chemchemi za Silver Springs, jimbo la Florida, Marekani. Huko Watamu na Malindi ulipata nguvu baada ya bahari ya sehemu hizo kufanywa hifadhi za taifa mwaka 1968, zikiwa za kwanza za namna yake nchini Kenya.

Mashua kama hizi haziwezi kufanya kazi popote. Zinahitaji maji matulivu, na utulivu wa Watamu unatokana na matumbawe yenyewe. Mwamba umejipanga sambamba na ufuko mfano wa boma. Mawimbi makubwa ya Bahari ya Hindi huvunjikia juu yake, na maji yaliyo baina ya mwamba na nchi kavu hubaki kama bandari ambayo haikujengwa na mtu. Utulivu huo una majira yake. Wakati wa kaskazi, hasa kati ya Desemba na Machi, bahari hulala. Kusi ikishika, mchanga hutimuka na kioo huonyesha ukungu mtupu. Tena kuna kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua tofauti ya kina baina ya maji makuu na maji yaliyokupwa hupita mita 3, na kwa hiyo nahodha ajuaye kazi yake huangalia mwezi kabla ya kuangalia saa.

Mwalimu wa fizikia angeweza kuanza somo kwa swali jepesi: kioo kinasaidia nini? Aghalabu wanafunzi watajibu kwamba kioo kinapitisha nuru. Jibu hilo si kosa, ila halielezi kitu, kwa kuwa maji nayo hupitisha nuru. Hesabu inaonyesha jambo la kushangaza. Mtu akitazama maji yaliyotulia kabisa akiwa wima juu yake, uso wa maji huakisi takriban asilimia 2 tu ya nuru. Uso wa kioo unaogusana na hewa huakisi takriban asilimia 4, yaani maradufu. Kioo, basi, hakiongezi nuru hata chembe, bali huipunguza kidogo.

Faida yake iko penginepo. Bahari, hata ikiwa tulivu vipi, ina viwimbi. Kila kiwimbi ni mteremko mdogo wenye pembe yake, na nuru inayotoka kwenye tumbawe hupindwa upande huu na ule kila inapokutana na mteremko mpya. Jicho hupokea vipande vya picha vilivyochanganyika. Aidha, atazamaye bahari kwa mbali huitazama kwa mshazari, na hapo hali huwa mbaya zaidi: nuru inayougusa uso wa maji kwa pembe ya nyuzi 80 kutoka kwenye mstari wa wima huakisiwa kwa kiasi cha theluthi nzima, na mng'ao wa mbingu hukifunika kilicho chini. Kioo cha mashua huondoa maovu yote mawili. Kinagusana na maji moja kwa moja, kwa hiyo mahali pake hapana viwimbi. Mtazamaji yu juu yake wima. Na turubai huzuia mbingu isijitazame katika kioo. Kwa ufupi, kioo ni uso wa bahari uliolazimishwa kunyooka.

Mwanafunzi mwangalifu atapinga hapo. Mbona mistari ya nuru huendelea kucheza juu ya matumbawe, ikikimbia kama nyavu za dhahabu? Ni kwa sababu kioo kimetuliza njia ya nuru inayotoka, na wala si ile inayoingia. Miali ya jua huingia majini kupitia bahari iliyo nje ya mashua, ambako viwimbi vingali vipo, na kila kiwimbi chenye mgongo huikusanya miali kama lenzi. Ajabu hiyo peke yake yatosha kwa kipindi kizima cha darasa.

Sasa tuje kwenye umbali. Nuru itokayo majini kuingia hewani hupinda ikajitenga na mstari wa wima, na jicho, lisilojua habari ya kupinda, hudhani kitu kiko karibu zaidi. Kwa anayetazama wima, kina kinachoonekana ni robo tatu ya kina cha kweli. Tumbawe lililo mita 4 chini ya kioo huonekana kama liko mita 3. Tuseme macho ya abiria yako mita 1 juu ya kioo, na kasa mwenye urefu wa sentimita 80 anapita mita 4 chini yake. Umbali wa kweli ni mita 5, na umbali unaodhaniwa ni mita 4. Kasa huonekana amekuzwa mara 5 kwa 4, yaani kama mwenye sentimita 100. Masimulizi ya abiria ufukweni kuhusu ukubwa wa walichokiona yana udhuru wa kisayansi, ijapokuwa udhuru huo hauvuki robo moja.

Jambo la tatu huwakera watalii wasiolijua: hawaoni mbali. Nuru inayokipiga kioo kutoka majini kwa pembe inayozidi nyuzi 49 hivi kutoka kwenye wima haitoki hewani kamwe; hurudishwa yote majini. Kwa hiyo, hata mtu akilaza shavu lake karibu na kioo, chini ya mita 4 za maji hawezi kuona kitu kilicho zaidi ya mita 4 na nusu upande wowote. Hakuna kioo bapa kiwezacho kuivuka sheria hiyo, kiwe kikubwa au kidogo, cha bei au cha rahisi. Ndiyo sababu mashua haitii nanga juu ya bustani bali huachwa ielee polepole na mkondo: inalisogeza dirisha, kwa kuwa mtazamaji hawezi kulisogeza jicho. Kutotia nanga kuna heri nyingine. Nanga moja ikiburutwa juu ya matumbawe yenye matawi huvunja kwa dakika kilichojengwa kwa miaka mingi.

Rangi nazo hazisemi kweli yote. Maji humeza nuru nyekundu upesi kuliko nuru ya buluu, na nuru inayoyaonyesha matumbawe imesafiri mara mbili, kwenda chini na kurudi juu. Tumbawe la mita 4 limeonekana kwa nuru iliyokata maji mita 8 au zaidi, na katika safari hiyo sehemu kubwa ya wekundu imekwisha potea. Samaki mwekundu huonekana wa kijivujivu. Rangi za manjano na buluu husalimika, na pengine ndiyo maana vitatange husifiwa kuliko wenzao.

Hapa fizikia inakutana na elimuviumbe, na swali linakuwa zito. Tumbawe hai ni jumuiya ya vinyama vidogo laini, kila kimoja kikiwa na kinywa na minyiri, waliojijengea jumba moja la chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani wa seli moja, ambao hutengeneza chakula kwa nuru ya jua na kukigawa kwa mwenyeji wake. Rangi ya kahawia au kijani ambayo abiria huiona kupitia kioo ni ya mwani huo kwa sehemu kubwa. Joto la maji likizidi kiwango cha juu cha kawaida cha majira ya joto kwa nyuzi 1 tu ya Selsiasi, na likadumu hivyo kwa wiki kadhaa, ushirika huo huvunjika. Mwani hutolewa, na mifupa ya chokaa huonekana kupitia nyama isiyo na rangi. Huko ndiko kupauka.

Mwaka 1998 jambo hilo lilitokea katika Bahari ya Hindi yote ya magharibi. Katika sehemu nyingi za pwani ya Kenya zaidi ya nusu ya matumbawe hai yalikufa, yakiwamo yale ya ndani ya hifadhi, ambako hakuna aliyekuwa akivua. Boma la sheria halikuweza kuzuia joto. Tangu hapo kupauka kumerudi mara kadhaa, na mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote.

Na kioo kinaonyesha nini wakati huo? Kinaonyesha uzuri. Tumbawe lililopauka hung'aa kwa weupe unaokaribia buluu, na mgeni asiyefunzwa huweza kulishangilia. Halijafa bado, joto likishuka mapema, mwani waweza kurudi. Likifa, katika muda wa wiki chache hufunikwa na majani ya bahari, likageuka kahawia, na abiria wa kioo aweza kulidhania zima. Basi weupe unaopendeza ni dalili ya hatari, na rangi iliyorudi yaweza kuwa ya sanda. Atakaye kujua hana budi kutazama umbo: je, pana ncha zenye minyiri na nyama, au pana ukoga tu? Hilo kioo hulionyesha vizuri wakati maji yamekupwa, na mabaharia wanaopita juu ya bustani ile ile siku baada ya siku wana nafasi ya kuliona mapema kuliko mtafiti ajaye mara mbili kwa mwaka. Ni hasara kwa sayansi iwapo hakuna anayewauliza.

Matumbawe ya umbo la mviringo, mfano wa mawe makubwa, yanastahili kutazamwa zaidi kuliko yanavyotazamwa. Hukua takriban sentimita 1 kwa mwaka, wakiacha vinyama wake pete za chokaa kama pete za mti. Katika hifadhi jirani ya Malindi wanasayansi walitoboa tumbawe la namna hiyo lenye umri wa miaka 300 hivi, wakapima madini ya bariamu yaliyomo katika pete zake. Bariamu huletwa na udongo wa mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini kidogo ya mji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba kiasi hicho kilikaa chini kwa takriban karne mbili, kisha kikapanda mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa ukoloni, nyanda za juu zilipoanza kulimwa kwa wingi. Mvua inayochukua udongo wa shamba lisilo na matuta huko bara huandikwa baharini.

Kuhusu samaki, neno moja. Yako mazoea ya kuwatupia mkate ili waje kwenye kioo. Huja kweli, hasa wale wadogo wenye milia myeusi, na abiria hufurahi. Lakini anayehesabu samaki baada ya mkate kutupwa, anahesabu mkate. Afadhali amtafute kikande, samaki mwenye meno imara alaye wanyama wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi. Utafiti uliofanywa pwani ya Kenya tangu miaka ya 1980 umeonyesha kwamba mahali ambapo vikande wamevuliwa mno, wanyama hao wa miiba huzidi na kuutafuna mwamba kuliko unavyoweza kujijenga.

Shule zilizo mbali na bahari zaweza kufanya sehemu ya kwanza ya somo hili kwa chombo cha kioo chenye maji ya kina cha sentimita 20 na sarafu chini yake. Mwanafunzi na atazame sarafu wima kutoka juu, huku mwenzake akiisogeza penseli nje ya chombo, juu na chini, mpaka kichwa cha mtazamaji kikitikisika penseli na sarafu zionekane zikienda pamoja. Hapo penseli itakuwa sentimita 15 hivi chini ya uso wa maji. Kisha mmoja apulize maji kwa mdomo: sarafu itachezacheza na kukatikakatika. Akiendelea kupuliza, mwingine alaze juu ya maji kipande cha kioo safi, akikishika kingoni, hadi uso wake wa chini uloe wote bila ya kuacha kiputo cha hewa. Sarafu itatulia.