Mgonjwa wa kiharusi nyumbani: mgeuze kabla kidonda hakijaanza



Ndugu msomaji, leo tuzungumzie jambo linalozikuta nyumba zetu nyingi: kumuuguza mtu mzima aliyepooza kwa kiharusi, baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali.

Aghalabu mambo huwa hivi. Mzee analetwa nyumbani, analazwa kwenye godoro zuri, dua zinasomwa, uji na supu havikosekani, na wageni hawakatiki. Baada ya wiki mbili au tatu mkewe anasikia harufu. Akimgeuza anakuta kidonda juu ya makalio, nyama iko wazi. Mapenzi yalikuwepo na chakula kilikuwepo. Kilichokosekana ni kumgeuza.

Kidonda hiki huanzaje?

Mtu mzima wa afya hujigeuza usingizini bila kujua. Aliyepooza hawezi, na mara nyingi upande uliopooza hausikii maumivu. Uzito wa mwili hubana mishipa midogo ya damu kati ya mfupa na godoro, na nyama isiyopata damu hufa. Hali hii yaweza kuanza ndani ya saa chache tu. Mkojo, jasho, mikunjo ya shuka na kumburuta mgonjwa huongeza madhara. Vijidudu vikipenya hadi kwenye damu, mgonjwa aliyenusurika na kiharusi aweza kufa kwa kidonda.

Kagua kila siku

Wakati wa kumwogesha, tazama kisogo, mabega, viwiko, chini ya kiuno, nyonga, vifundo na visigino. Kwa ngozi yetu nyeusi usisubiri kuona wekundu. Tafuta sehemu iliyozidi weusi au iliyo kama zambarau, na papasa kama ina joto, ni ngumu au imekuwa tepetepe kuliko ngozi ya jirani. Ukiiona, usimlaze tena upande huo, wala usiisugue kwa mafuta ukidhani unaisaidia.

Namna ya kumgeuza

1. Mgeuze kila baada ya saa mbili: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Akiwa ameketi kwenye kiti, asikae muda mrefu bila kuinuliwa kidogo.

2. Usimlaze juu ya nyonga moja kwa moja. Mwinamishe kidogo, mwegemeze kwa mto mgongoni, na weka mto mwingine kati ya magoti.

3. Akiwa chali, weka mto chini ya miundi ili visigino visiguse godoro.

4. Usimburute, na usimvute kwa mkono uliopooza, bega litateguka. Tandika shuka iliyokunjwa chini yake, watu wawili waishike huku na huku, wamnyanyue.

5. Usimkalishe juu ya tairi la mpira lenye tundu katikati. Huzuia damu pembeni mwa tundu hilo.

6. Akijichafua, msafishe mara moja kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe kwa kumgusagusa, kisha mpake vaselini. Pima joto la maji kwa kiwiko chako, kwani yeye aweza kuungua asijue.

7. Mpe mayai, samaki, maharage, dagaa au maziwa, ngozi ipate kujijenga. Alishwe akiwa ameketi, abaki hivyo nusu saa. Akikohoa au kupaliwa kila anapomeza, acha kumlisha na umwone mtaalamu.

Swala na zamu za usiku

Nyakati za swala tano ni ukumbusho mzuri wa kumgeuza, lakini hazitoshi. Kati ya Isha na Alfajiri hapa kwetu kuna takriban saa tisa, na hizo ndizo saa ambazo nyumba nzima imelala. Basi pangeni zamu, wanaume na wanawake, na simu iwaamshe. Wekeni daftari kando ya kitanda muandike saa na upande aliolazwa. Mzigo huu usiachiwe mtu mmoja.

Wala kumgeuza hakumharibii ibada. Imran bin Husayn (r.a.) alipokuwa na maradhi ya bawasiri, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Ikiwa maji yanamdhuru, atayamamu. Msitirini uchi wake kila mnapomsafisha.

Nawe unayekwenda kumzuru mgonjwa, usikae saa tatu chumbani huku wenyeji wakiona haya kumgeuza mbele yako. Fupisha ziara, au omba kusaidia kumnyanyua. Kumzuru ni haki yake juu yako, na kumpunguzia maumivu ni bora kuliko maneno mengi.

Lini arudishwe hospitali?

Ngozi ikichubuka au kufanya lengelenge, mpeleke mkaoneshwe namna ya kuisafisha. Kidonda kikiwa cheusi, kikitoa usaha au harufu, mfupa ukionekana, au mgonjwa akipata homa au kuchanganyikiwa, msingoje kesho. Usimwagie spiriti wala unga wa vidonge. Kifunike kwa kitambaa safi, mwende.

Ndugu msomaji, ikiwa kwako kuna mgonjwa, ukimaliza kusoma nenda ukatazame visigino vyake.

Wabillahi tawfiq.