Kupima Nishati bila Kumkamata Mnyama: Matumizi na Mizania katika Mkojo wa Orangutani

1.0 Utangulizi
Makala haya yanachunguza namna ya kupima nishati ya mamalia wa porini bila kuwakamata. Dhana mbili hazina budi kutofautishwa tangu mwanzo. Matumizi ya nishati ni kiasi ambacho mwili hukitumia kwa siku. Mizania ya nishati ni tofauti kati ya kinachoingia na kinachotumika. Kuzichanganya dhana hizi ni kupotosha matokeo.

2.0 Kipimo cha Matumizi
Kipimo kinachotegemewa sana ni maji yenye isotopu za haidrojeni na oksijeni, ambacho Nathan Lifson na wenzake walikieleza mwaka 1955. Haidrojeni hutoka mwilini kwa njia ya maji, ilhali oksijeni hutoka kwa maji na kwa kaboni dioksidi pia. Tofauti ya kasi hizo mbili huonyesha kaboni dioksidi iliyozalishwa, na kwa hiyo nishati iliyotumika. Hata hivyo, mnyama wa porini kwa kawaida hukamatwa ili apewe maji hayo na kutolewa damu. Orangutani huishi juu mitini. Akichomwa dawa ya usingizi aweza kuanguka na kufa.

3.0 Ushahidi wa Mkojo
Cheryl Knott alifuata njia nyingine huko Gunung Palung, katika kisiwa cha Borneo. Mkojo ulikusanywa chini ya miti, ukapimwa ketoni, yaani kemikali zitokanazo na mafuta ambayo mwili wenye njaa huyavunja. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998, majike walikula takriban kilokalori 7,400 kwa siku matunda yalipojaa, na takriban 1,800 yalipoadimika. Ketoni zilionekana wakati wa uhaba. Watafiti wengine wamepima peptidi-C, ambayo kongosho huitoa pamoja na insulini; nayo hupungua mkojoni mnyama akosapo chakula cha kutosha.

4.0 Hitimisho
Mkojo, basi, hueleza mizania, si matumizi. Ketoni zaweza kumaanisha kwamba mnyama ametembea mno, au kwamba amekosa matunda. Kipimo peke yake hakiamui. Ndiyo maana Knott alikiambatanisha na hesabu ya chakula kilicholiwa. Tofauti hii si ya maneno matupu: mhifadhi anayedhani kuwa tatizo ni mwendo atashughulikia mapito ya wanyama, kumbe kilichopungua ni miti inayowalisha.