Hitilafu ya Umeme Ijayo na Kutoweka

Katika magari makuukuu ya Sumbawanga, mitikisiko ya njia za vumbi za Ufipa hulegeza viungo vya nyaya, na unyevu huvitia kutu. Taa hufifia, kisha hurudia mwanga wake. Fundi akipima taa zikiwa zimezimwa haoni kasoro, kwani pasipo mkondo hakuna volti ipoteayo. Yafaa apime zikiwaka, kati ya bodi na ncha ya betri iliyounganishwa nayo. Mkondo wa ampea 10 ukipita katika ukinzani wa omu 0.2, volti 2 hupotea (V = IR), na wati 20 hugeuka joto papo hapo kiungoni. Nyaya zitikiswe kwa mkono wakati wa kupima. Sindano ya voltimita ikiruka, kiungo kibovu kimepatikana. Mara nyingi ni boliti moja tu yenye kutu, ilhali mwenye gari amekwisha kununua betri mpya.