Mawakili wa Ajali, Njooni Tuongee

Wadogo zangu, wiki hii wenye ndoa zinazoyumba mtanivumilia. Nimepata barua kutoka Nakuru, ya kijana aliyeapishwa kuwa wakili juzijuzi tu, na mkubwa wake ofisini ameshamrundikia mafaili ya ajali za barabarani. Anataka kujua afanye nini ili ang'are mahakamani kama mawakili wa Marekani anaowaona kwenye filamu.

Mdogo wangu, zima hiyo televisheni. Wale wanahutubia jopo la raia. Hapa Kenya kesi ya madai inasikilizwa na hakimu au jaji peke yake, na asubuhi hiyo ana mafaili mengine chungu nzima mezani. Hutamliza. Siku ya kuandika hukumu atakuwa na karatasi ulizowasilisha na maneno ya mteja wako yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu za kesi. Kisichokuwamo humo ni kama hakikusemwa.

Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kumwandaa mteja aseme ukweli wake wote, na hapo pana mtego ambao chuoni hawakukuonya. Sisi tumelelewa kutolalamika. Muulize hali mama aliyevunjika paja mwaka jana, atakujibu, "Alhamdulillahi, naendelea vizuri." Ni adabu, ni imani, na ni hasara tupu kwa kesi yake. Mawakili wa bima wanaijua tabia hii vizuri sana. Atasimama mmoja, amwamkie kwa heshima, kisha amuulize kwa upole, "Mama, sasa umepona?" Naye, "Namshukuru Mungu, mwanangu, nimepona." Hakimu anaandika. Wakili wa bima anakaa chini, hana swali jingine.

Usimfundishe kudanganya, hata kwa chembe. Akichechemea, achechemee vile vile anavyochechemea sokoni. Mwambie tu kwamba swali la mahakamani si salamu, na alijibu kama lilivyoulizwa. Ili ujue cha kumuuliza, mfuate anakoishi na anakofanyia kazi, usimngoje ofisini. Kama mteja ni wa huku Mombasa, ningekwenda kukaa naye soko la Kongowea kwenye nyanya zake nione anavyoinuka kwenye kigoda huku ameshika meza kwa mikono miwili. Nimuone kijana anayemlipa siku hizi abebe kreti alizokuwa akijitwika mwenyewe. Nimuulize anaswali amesimama au kwenye kiti. Choo cha kuchuchumaa je, anafanyaje? Ndiyo, ni swali la aibu, muulize faraghani, au mpe karani wa kike amuulize. Ripoti ya daktari itasema ana ulemavu wa kudumu wa asilimia kadhaa na kuishia hapo. Hayo mengine hakuna atakayeyasema usipoyatafuta. Akiyaeleza kizimbani kwa maneno yake, hakuna swali la upole litakaloyafuta.

Ukiwa hapo hapo sokoni, chunguza mapato yake. Mama mboga hana hati ya mshahara, na upande wa pili utaling'ang'ania hilo. Usitishike. Mwaka 2005, katika kesi ya Jacob Ayiga Maruja dhidi ya Simeon Obayo, Mahakama ya Rufani ilikataa kwamba mapato huthibitishwa kwa karatasi peke yake, kwa sababu msimamo huo ungewadhulumu Wakenya wengi wanaojitafutia riziki bila vitabu vya hesabu. Daftari la chama, ujumbe wa M-Pesa, jirani wa kibanda cha pili anayejua bei za jumla, vyote vinasaidia. Lakini gharama alizokwisha kutoa, za hospitali, dawa na teksi, ni habari nyingine: hizo ziandike kwenye hati ya madai moja moja na ulete risiti. Bila risiti, sahau.

Sasa yale ya kuchosha, ambayo ndiyo yanayoangusha kesi nyingi. Madai ya uzembe yana miaka 3 tangu siku ya ajali. Ukiishtaki Serikali, una miezi 12 tu. Mlango wa kuongezewa muda upo, lakini ni mwembamba, na kusahau hakukuingizi. Abstrakti ya polisi usiiamini kwa macho; pata rekodi za gari kutoka mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, ujue mmiliki ni nani, maana kushtaki mtu asiyehusika ni kupoteza miaka. Kampuni ya bima nayo ipe notisi mapema, kwa maandishi, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ibaki kwenye faili. Bila notisi hiyo unaweza kushinda kesi na bima ikakataa kulipa kihalali kabisa. Tena sheria ya bima ya magari imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Mahakama ikitoa zaidi, kilichobaki utamdai mwenye gari, na mwenye matatu ya mkopo huenda hana hata godoro la kuuza.

Mteja atakuuliza siku ya kwanza, "Nitapata ngapi?" Usimtajie. Fidia ya jumla hukadiriwa kwa kulinganisha: majeraha yanayofanana, malipo yanayokaribiana. Kwa hiyo tafuta hukumu za miaka ya karibuni, si zile za wakati mkate ulikuwa shilingi 25, na uonyeshe pale ambapo jeraha la mteja wako linazidi. Kiasi kikitoka, Mahakama Kuu haitakigusa kwa sababu tu jaji angetoa tofauti. Kanuni hiyo, inayonukuliwa kutoka kesi ya Kemfro ya miaka ya themanini, inasimama hadi leo: lazima hakimu awe amekosea msingi, au kiasi kiwe cha juu au cha chini kupita kiasi. Mahakama ya kwanza ndiyo vita yenyewe, wala usiibebe rufaa kama akiba.

Kuna hukumu ya zamani ya Uingereza, West dhidi ya Shephard, ambayo majaji wetu bado wanainukuu: kwa ufupi, pesa haiwezi kuurudisha mwili ulioharibika. Mweleze mteja hilo mapema, kwa Kiswahili chepesi. Asiyeelezwa husubiri hukumu kama atakayerudishiwa mguu, na siku ya kulipwa anahisi ameibiwa, hata kama umempigania kiume.

Na wengine wanaibiwa kweli, tuseme wazi. Kuna mawakili wanaowalipa madalali wazurure kwenye wodi na vituo vya polisi wakikusanya majeruhi. Kuna wanaotengeneza majeruhi ambao hawakuwa hata ndani ya gari. Ukiona ofisi yako inafanya hivyo, toka, hata kama kodi ya nyumba inakusubiri. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha makubaliano ya kulipwa ukishinda tu, kwa hiyo yale mambo ya "tutagawana ukishinda" waachie Wamarekani, ambao kwao yanaruhusiwa.

Hundi ya bima ikiingia, iende kwenye akaunti ya wateja, siyo ya ofisi, halafu mpigie mteja siku hiyo hiyo. Mwandikie ukurasa mmoja: bima imelipa kiasi hiki, ada yangu hii, ya daktari hii, zako hizi. Kama hasomi, msomee mbele ya mwanawe au mtu anayemwamini kabla hajatia kidole, na mpe nakala aondoke nayo.